Waliolala Namba Tisa

Terasi ya Hartnoll, namba 9
Sydney
11 Julai 2021

Kwa Baba Mdogo Venant,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama Mdogo Honorine na watoto wote watatu, na kwamba helikopta ya polisi inayozunguka juu ya paa lenu inawaacha mlale. Mimi ni mzima. Kidole tumbo changu kimepona vizuri mno, hata kovu sina, na madaktari wangeshangaa sana kama wangewahi kunipasua. Nasikia kanisa liliniombea Jumapili tatu mfululizo. Wafikishie shukrani.

Najua kosa langu, huna haja ya kulirudia. Siku Bizimana na wazee wake wa Villawood walipokuja kujitambulisha, nyama ya mbuzi ikiwa mezani, mimi nilikwenda kazini. Wewe ukawaambia nimelazwa. Wageni walipoondoka tukagombana, nikafunga sanduku, ukasema utalifuta jina langu mlangoni na kwamba sitasikia sauti yako kwenye simu mpaka nirudi nikae mbele yako. Nimekichunguza kiapo hicho kwa miezi minane. Kinataja simu na sauti. Hakitaji stempu. Na kuja kukaa mbele yako siwezi, kwa kuwa kati yangu na Smithfield kuna kilomita thelathini na faini ya kuvunja amri ya korona.

Bi Beryl, bibi ninayemtunza, ametimiza miaka tisini na moja. Anakula vizuri, anatukana redio, na ananiita Simmy kwa sababu jina langu anasema ni refu, yeye ambaye kata yake inaitwa Woolloomooloo. Nyumba yenyewe ni nyembamba, moja kati ya kumi na nne zilizojengwa mwaka 1883 ubavu kwa ubavu, kila moja na roshani ya juu yenye chuma kilichosukwa kama lesi. Ukipiga chafya namba tisa, namba kumi na moja wanakwambia pole. Siku hizi hawasemi pole, wanafunga dirisha.

Sasa mtaa una kamati. Wamefungiwa ndani, hawana kazi ya kufanya, basi wameamua kuandika historia ya mtaa na wakazi wake wa mwanzo, ibandikwe ukutani kwenye bamba la shaba. Mwenyekiti ni Bwana Trevor wa namba tatu. Akamwomba Bi Beryl, Bi Beryl akasema macho yake yamechoka, na hivyo kazi imenishukia mimi. Nimesoma vitabu vya zamani vya kodi za jiji kwenye kompyuta. Wakazi wa mwanzo walikuwa kapteni wa meli, mfanyabiashara wa chai na wakili. Ni watu wa heshima, nadhani ungewapenda.

Wasalimie watoto.

Ni mimi binti yenu,
Nsimire

~

Smithfield
25 Julai 2021

Kwa Mheshimiwa Mwanahistoria wa Terasi,

Marahaba. Barua yako imechukua siku tisa kusafiri kilomita thelathini. Kutoka Uvira mpaka kambini Tanzania tulitembea kwa muda mfupi kuliko huo, tena na masufuria kichwani.

Sisi hatujambo. Honorine anakusalimia. Alisimamishwa na askari akaulizwa kwa nini amenunua vitunguu vingi, akamjibu kwamba ana mume. Dieudonné anasoma kwa kompyuta akiwa kitandani na anaita hilo shule. Mimi naendelea kiwandani, kwa kuwa ni mfanyakazi wa lazima. Hicho ni cheo cha heshima ambacho serikali imetupa sisi tunaofungasha karatasi za chooni. Kila siku ya tatu tunatiwa kijiti puani ili ijulikane kama bado tuna manufaa. Kwenye televisheni nimewaona majirani zako wa ufukweni wakipunga upepo wa bahari. Inaonekana virusi haviogelei.

Kuhusu kidole tumbo, mchungaji bado anakiulizia. Nimemwambia kinaendelea vizuri. Bizimana ameoa binti wa Parramatta, harusi ya watu watano na sisi wengine kwenye simu. Wali tuliuona.

Umenisomea kapteni, mfanyabiashara wa chai na wakili. Hongera. Sasa niambie, nani aliwafulia mashati? Nani aliwasha moto asubuhi, akalala wapi? Vitabu vya kodi vinakwambia nani alidaiwa na jiji. Havikwambii nani alilala humo.

Unajua kwa nini ninaandika majina nyuma ya mlango. Wakati wa vita, nyumba yetu ya Uvira ilipoungua, mtu wa shirika aliniuliza mlikuwa wangapi ndani. Mimi nikasema saba. Jirani akasema tisa. Baba yako na mama yako najua walikuwemo. Hao wawili wengine, kama walikuwapo, walikuwa wageni waliofika jioni, na mpaka leo sijui ni kina nani niwaombee. Tangu siku hiyo, kambini na hapa Smithfield, kila anayelala kwangu usiku mmoja naandika jina lake kwa penseli. Asiyelala haandikwi. Aliyelala hasahauliki, hata akinikera.

Unajifanya huulizi kuhusu mlango. Nami najifanya sijasikia. Mlango uko palepale, kwenye chumba cha kufulia.

Waulize wenzako wa kamati swali langu.

Venant

~

Terasi ya Hartnoll
9 Agosti 2021

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa wanajeshi. Nimesikia wameanza kugonga milango ya huko kwenu ili wawape watu vikapu vya chakula. Mtu aliyekimbia wanajeshi mara tatu anagongewa na wa nne akiwa amebeba makaroni. Natumaini mlimfungulia kwa adabu.

Bi Beryl alianguka bafuni lakini hakuvunjika. Amelilaumu zulia.

Swali lako limeniletea matatizo. Jumanne nilikuwa nasafisha kabati lililo chini ya ngazi, mahali Bi Beryl anapoweka mifagio na picha za marehemu mumewe. Nikapiga tochi nyuma ya mlango wa kabati. Baba Mdogo, niliketi sakafuni. Kuna majina. Ni ya penseli, yamefifia, lakini yanasomeka. Juu kabisa pameandikwa Aprili 1900. Kisha Bridget Fahy, mfuaji. Agnes. Tom. Mary Ellen. Mtoto mchanga. Bwana Olsen, kitanda cha jikoni. Watu sita katika vyumba viwili vya nyuma, na mbele alikaa mjane wa yule mfanyabiashara wa chai, ambaye ndiye peke yake aliyemo kwenye kitabu cha kodi.

Nilimwonyesha Bi Beryl. Anaishi humu tangu aolewe, hakuwahi kutazama nyuma ya mlango ule. Akaniambia huo ulikuwa mwaka wa tauni. Panya walishuka kwenye meli, ugonjwa ukaingia mitaa ya bandarini, serikali ikazungushia mitaa uzio, ikapaka nyumba chokaa, ikawapeleka watu kwa boti kwenye karantini ya mlango wa bahari. Magazeti yakasema kosa ni la maskini kwa kuishi wengi pamoja na kupenda uchafu. Nikamwuliza, hayo ni ya mwaka 1900 au ya taarifa ya habari ya saa tano? Alicheka mpaka nikamtafutia maji.

Kuna jambo moja zaidi. Jina la Agnes limepigwa mstari. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko uleule, limeandikwa upya: Agnes, amerudi tarehe 4 Juni. Sijui alikwenda wapi. Labda karantini. Labda aligombana na mama yake.

Niliyapeleka majina haya kwenye kikao cha kamati, kikao cha kwenye kompyuta, kila mtu na kabati lake la vitabu nyuma. Bwana Trevor alisikiliza kwa upole mkubwa. Akasema inavutia sana, ila bamba ni la wakazi. Nikasema Bridget alikaa miaka kumi na moja, nimemfuatilia kwenye daftari la shule ya watoto wake. Akanijibu, nakuandikia alivyosema: "Ndiyo, Simmy, lakini Bridget hakuwa mkazi. Alikuwa anaishi tu hapa."

Kikao kilipokwisha Bi Beryl akachukua penseli, akainama kwa mkongojo wake hadi kabatini, akataka kuliandika jina langu chini ya Agnes. Alisema nimelala humu miezi tisa. Nilimzuia. Nilisingizia mgongo wake, kwamba daktari amemkataza kuinama. Kwa kweli sikujua kama mtu anaweza kuwa kwenye mlango mmoja kabla ya kujua habari za mlango mwingine.

Sikuulizi kitu.

Nsimire

~

Smithfield
22 Agosti 2021

Nsimire,

Marahaba. Hatujambo. Kuanzia kesho tunalala saa tatu kwa amri ya serikali, kama watoto wa bweni. Vikapu vya wanajeshi vilifika. Makaroni tunayo ya kutosha mpaka parapanda ilie.

Umependa kuuliza bila kuuliza, basi nakujibu bila kujibu. Wakala wa nyumba hawezi kuja kukagua kwa sababu ya ugonjwa, akataka tumpelekee picha za kila chumba. Mimi nikaanza na mlango wa chumba cha kufulia. Nilitaka aone kwamba nyumba yake inakaliwa na watu wenye utaratibu, wanaojua nani ni nani. Nilisimama pembeni ya mlango, Dieudonné akapiga picha, nikavaa hata koti.

Wakala akajibu kwa barua pepe kwamba huo ni uharibifu wa mali. Nilipewa siku saba. Nimesugua kwa sabuni, nimepaka rangi nyeupe mara mbili. Sasa mlango unapendeza kama wa hospitali. Hakuna jina la mtu yeyote, wala langu.

Kwa hiyo umeondolewa pamoja na sisi wote, usijisikie vibaya.

Yule Trevor wako mpe pole. Kukaa na watu na kutojua kwamba wanakaa, hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa.

Nina mafua kidogo. Honorine ananipikia tangawizi.

Venant

~

Terasi ya Hartnoll
4 Septemba 2021

Baba Mdogo Venant,

Shikamoo, na sitaki kusikia tena neno mafua.

Jumatatu saa nne asubuhi nilipigiwa simu na afisa wa afya. Mwanamke mwenye sauti ya upole, jina langu alilitamka lote bila kulikata. Akaniambia kuna mgonjwa nyumbani kwangu. Nikadhani ni Bi Beryl, nikamwangalia, alikuwa anakula mkate wa siagi. Afisa akasema hapana, nyumbani kwako Smithfield, Bwana Venant amelazwa na ana oksijeni, na mgonjwa mwenyewe amekutaja kuwa unaishi naye nyumba moja.

Basi ndivyo nilivyojua. Mke wako hakuniambia, watoto wako hawakuniambia. Imeniambia serikali. Baadaye nilimpigia Mama Mdogo, akalia, akasema ulimkataza kwa sababu nisingeweza kuja na ningekesha bure. Nilikesha vilevile, wala hukuniokolea usingizi hata wa nusu saa.

Afisa aliniuliza, unaishi kwenye anwani hiyo? Nilifungua mdomo nimweleze yote, mbuzi, Bizimana, kidole tumbo. Nikaona itachukua siku nzima. Nikasema, "Ndiyo, ninaishi hapo. Lakini sijafika nyumbani tangu Novemba." Akauliza, "Upo safarini?" Nikasema ni mambo ya familia. Akasema anaelewa, akaandika sijui nini.

Nilipimwa hata hivyo, kwa usalama wa Bi Beryl, na sina kitu. Lakini yule kijana wa kupima alikuja na gari lake na mavazi yake ya plastiki, mtaa mzima ukamwona. Ndani ya saa moja Bwana Trevor alitundika mfuko kwenye geti letu akiwa na glavu. Ndani mlikuwa na dawa ya mikono na rasimu ya bamba. Kapteni, mfanyabiashara wa chai, wakili. Chini, kwa herufi ndogo, "na wengineo". Bridget Fahy na watoto wake wamekuwa wengineo. Bi Beryl alisoma, akaomba simu, akamwambia Trevor kwamba bamba hilo halitagusa ukuta wa namba tisa, na kama analipenda alipigilie kwenye paji lake la uso. Kuta zimeungana, kwa hiyo namba saba na namba kumi na moja wamesikia pia. Kamati imeahirishwa.

Ninaandika mchezo huu wote kwa sababu naogopa kuandika lile ninalotaka. Mama Mdogo anasema umeanza kukaa kitandani na jana umemlalamikia nesi kuhusu uji, na hiyo ni habari njema kuliko oksijeni. Lakini kwa siku nne nilikuwa nawaza kwamba utaondoka na kile kiapo chako mdomoni, na mimi nitabaki nimekaa kwenye ngazi za wazungu nikisoma majina ya watu nisiowajua. Ulinibeba mgongoni kutoka Uvira. Sina baba mwingine.

Sasa nauliza wazi, kwa kuwa umenichosha. Kabla ya sabuni ya wakala, kabla ya rangi, jina langu lilikuwapo mlangoni au ulilifuta? Na kama ulilifuta, kwa nini ulimwambia daktari ninaishi kwako?

Nijibu ukiweza kushika kalamu. Usipoweza, Dieudonné aandike. Anajua Kiswahili, anajifanya tu.

Nsimire

~

Smithfield
10 Oktoba 2021

Binti yangu Nsimire,

Marahaba. Kalamu naishika, ila mwandiko utanisamehe. Nilikaa hospitali siku kumi na moja. Nimerudi na mapafu nusu na kilo pungufu. Honorine amefurahi kuhusu kilo. Kanisa liliniombea Jumapili tatu, kwa hiyo mimi na kidole tumbo chako tuko sawa.

Umechelewa kujibiwa kwa sababu nilianza barua hii mara nne. Si ugonjwa. Ni kiburi, na hicho hakina chanjo.

Nililifuta. Usiku ule ulipoondoka nilichukua kifutio cha Dieudonné, nikalifuta mpaka pakawa peupe. Asubuhi niliporudi na kikombe cha chai, taa ya chumba cha kufulia ikapiga mlango kwa ubavu, nikaona mikwaruzo ya penseli imebaki kwenye mbao. Nilipokuandika miaka minane iliyopita nilikandamiza sana. Kwa hiyo miezi yote hiyo ulikuwapo na hukuwapo, kutegemea umesimama wapi. Niliona aibu kuliandika tena, na niliona aibu kuliacha vile. Wakala alipoleta amri yake nilishukuru, Mungu anisamehe. Nikadhani rangi itamaliza neno.

Hospitalini alikuja mtu wa fomu, amevaa plastiki kutoka utosini mpaka kisiginoni, akauliza ninaishi na nani. Pumzi ilikuwa ndogo mno. Niliyokuwa nayo nikaitumia kwa majina. Honorine, nikapumzika. Nsimire, nikapumzika. Kisha watoto. Akatazama karatasi yake, akasema kumbukumbu zinaonyesha mko watano. Nikainua vidole sita. Akaomba namba yako ya simu, nikaitaja kwa kichwa. Sijawahi kuipiga tangu Novemba, lakini naijua kuliko yangu. Sikutaka mtu wa shirika awaulize tena watu wengine mlikuwa wangapi, mmoja aseme watano, mwingine sita.

Niliporudi nyumbani sikuugusa mlango wa wakala. Nimeandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, ambalo ni langu na linahama na mimi. Ninaanza mimi, anafuata Honorine. Mstari wa tatu ni mtupu. Kisha watoto. Dieudonné aliuliza kwa Kiingereza chake kama nimesahau mtu. Nikamwambia sheria ni ileile, asiyelala haandikwi, na kabati hili ni jipya. Nimepima nafasi yako kwa rula. Hakuna atakayeandika kitu hapo.

Mwambie Bi Beryl achukue penseli yake. Umelala kwake karibu mwaka mzima, na mtu anaweza kuandikwa popote alipolala. Yule Bridget alijua hilo kuliko mimi, na alikuwa na nyumba ndogo kuliko yangu.

Wanasema kesho wanafungua, kwa waliochanjwa mara mbili. Wewe umechanjwa, mimi nimechanjwa na nimeugua pia kwa msisitizo. Barua hii inaweza kuchukua siku tisa kukufikia, kwa hiyo nikimaliza kuiandika nitapiga ile namba. Kiapo nitakieleza kwa mchungaji, pamoja na kidole tumbo, siku moja nimalize aibu zote.

Njoo ulale usiku mmoja tu. Honorine ameanika godoro lako uani tangu asubuhi, na mawingu yanakusanyika upande wa Parramatta. Nimekaa hapa na blanketi langu, nalinda godoro lisinyeshewe.

Baba yako,
Venant